Isale la Obedi

Obedi alifungua koki ya mtungi wa oksijeni, akausikiliza ukifoka, akaifunga. Kisha akainua macho na kumtabasamia Aminieli.

Aminieli akajifanya anakagua zipu za mahema.

Kesho yake alikuwa anapandisha wageni Kibo, yeye ndiye kiongozi wao, na asubuhi hiyo ofisi ilikuwa imempa msaidizi mpya: Obedi. Angemkataa kwa neno gani? Kwamba anamwogopa? Wangemuuliza kwa nini, na hapo angelazimika kumtaja Nderingo.

Nderingo, mdogo wake Obedi, alikuwa mpagazi. Msimu uliopita alianza kukohoa povu kambini, na Aminieli akamwamuru ateremke peke yake kwenye mvua, maana hakutaka mizigo ya wageni ikose mtu. Walimkuta chini ya jiwe, amekauka kwa baridi. Msibani Aminieli alisema kijana aliondoka kwa ubishi wake mwenyewe. Obedi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja.

"Wapelekee jani la isale, Baba Aika," mkewe alikuwa akimsihi tangu mazishi. "Isale halikataliwi. Hata mtu awe amekuulia mzazi, akikuletea unapokea, na ukishapokea umesamehe. Ukigeuka, laana ni yako na wanao."

"Nikipeleka si nimekiri?"

"Sasa si ulifanya?"

Hakupeleka. Na sasa huyu hapa, kwenye ua wa ofisi, anachezea mtungi.

"Mangi, mbona jasho linakutoka na ubaridi wote huu?" Obedi aliuliza kwa sauti. "Mlima wenyewe hata haujakuona!"

Wapagazi wakaangua kicheko.

"Ni homa tu," Aminieli alisema.

"Homa tena? Usijali, kaka. Mtungi nitabeba mimi, na nitatembea nyuma yako. Ukizidiwa huko juu, ni mimi na wewe tu."

Wakacheka tena. Aminieli akakaa juu ya gunia la viazi. Alimwona Obedi akimwomba mpishi kisu, akijaribu makali yake kwa kidole gumba, kisha akiingia migombani.

"Nakuja sasa hivi," Obedi alimwambia. "Usiende mbali."

Aminieli alitamani kukimbia, lakini njia ya kwenda barabarani ilipita mle mle migombani. Obedi aliporudi, mkono mmoja ulikuwa ndani ya koti, naye alikuja moja kwa moja hadi kwenye gunia.

"Yesu wangu," Aminieli alinong'ona, akafumba macho.

Hakuna kilichomchoma. Alipofumbua macho, Obedi alikuwa amepiga magoti mbele yake, wapagazi wote wakitazama, ameshika kwa mikono miwili jani la isale lililofungwa fundo.

"Nisamehe, kaka."

Aminieli hakuuliza kosa. Labda Obedi alimsema vibaya huko vilabuni kwenye pombe ya mbege; na alisema mangapi, nani ajuaye. Alilipokea jani haraka haraka, machozi yakimtiririka. Aliona aibu kwa woga wake, lakini furaha ilizidi.

"Nimekusamehe, mdogo wangu! Yamekwisha! Lolote lile, limekwisha!"

Wapagazi wakapiga makofi. Mpishi, mtu mzima kuliko wote pale, akasema yeye ni shahidi.

Obedi akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akautia mtungi begani. Kisha akamkumbatia Aminieli kwa nguvu, mdomo ukawa sikioni.

"Asante, kaka," alisema taratibu. "Maana kosa lenyewe bado sijalitenda."