Roketi Isiyoulizwa Mezani

Matangazo ya redio kuhusu urushaji yalikatika ghafla, kama kawaida kila roketi ya siri iliporushwa kutoka kambi ya jeshi karibu na mji wa Lompoc. Mpaka chakula cha jioni, jirani wa Ofelia, aliyealikwa mezani kwake, alikuwa bado anabishana na mkewe.

“Imeanguka! Wakinyamaza hivi, ujue imeshakuwa chakula cha papa.”

“Iko juu inapeleleza watu, we mzee. Na wewe inakuona unavyomaliza nyama ya wenyewe.”

Ofelia hakucheka. Binti yake alifanya kazi katika kambi hiyo, na kiapo kilimkataza kusema lolote, hata kwa mama yake. Roketi ya mwaka juzi ilipopotea, binti huyo alikaa wiki nzima bila kula.

Mlango ukafunguka. Binti akaingia, macho mekundu kwa uchovu, akaketi. Jirani akafungua kinywa kuuliza, akamtazama, akakifunga. Akamsogezea sahani yenye kipande chake cha mwisho cha nyama.

Ofelia akampakulia maharagwe. Binti akashika kijiko. Alikula, kisha akamega mkate, akafuta mchuzi mpaka sahani ikang’aa.

“Mama,” akasema, “maharagwe yamebaki?”

Ofelia akaleta sufuria nzima.