Kinu cha Majani ya Damu

Mwanakombo hakutambua kwamba wifi yake, Saumu, alitwangia kisamvu katika kinu kile kile cha majani yanayozuia damu kuganda. Sheria iliitaka kila kaya ihifadhi damu yake nyumbani, ikiwa majimaji, tayari kwa vipimo. Chupa zao zilikaa jokofuni kando ya maziwa, na kila alipolifungua jokofu Mwanakombo aliangalia pembeni.

"Mama, damu haikomi!" alilia binti yake, Raya, aliyejikata kidole.

Mwanakombo alimgeukia Saumu. "Wifi, kile kinu cha majani ulikiosha kabla ya kutwangia kisamvu?"

"Nilikifuta, wifi yangu. Mbona wiki nzima mmekula mkalamba na vidole?"

Mwanakombo alitapika kisamvu cha utelezi, huku kidole cha mtoto kikichuruzika. Damu ilikoma jioni.

Tangu siku hiyo nyumbani mwao hamna kisu. Nyama huchanwa kwa mikono.