Kengele Nyuma ya Pazia

Kengele ililia kabla hajamaliza hata kipande cha kwanza. Mpiga fidla alishusha upinde wake, akabaki amesimama pekupeku mbele ya pazia jeusi.

Ndivyo okestra ile ilivyochagua wapigaji wake. Unavua viatu mlangoni, unapewa namba, unapiga. Majaji wako upande wa pili wa pazia. Hawakuoni, nawe huwajui. Mmoja wao akigonga kengele, basi, huna chako.

"Viatu vyako hivi hapa, dada," alisema karani wa mlangoni bila kumtazama. "Ulikuwa wa mwisho. Nafunga."

Alikuwa amejaribu kila mwaka tangu amalize shule, na mwakani umri ungekuwa umempita. Waliochaguliwa walihamia mji mwingine wakaishi kwa muziki. Yeye hakuwahi kutamani kitu kingine chochote. Alirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikimnyeshea, mwavuli umefungwa mkononi.

Baba yake alikuwa kitini, amejikunyata ndani ya blanketi. Ndiye aliyemfundisha fidla, enzi zile mtaa mzima ukimwita Mwalimu. Siku hizi moyo ulimsumbua. Alisema hana nguvu ya kufika hata dukani. Kilichobaki ni kumtania binti yake, kwamba ile pumzi anayovuta kwa kishindo kabla ya kupiga, angeitambua hata sokoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamekukatiza mapema, eh?"

Alijitupa sakafuni karibu na miguu yake. "Hata hawakunisikiliza. Sina kipaji, baba. Miaka yote hii nimejidanganya tu."

"Achana nao. Hao hawana masikio." Mzee alimpapasa kichwa, kisha akacheka kidogo. "Na ungeondoka, mimi nani angenichemshia chai?"

Binti naye alicheka, machozi yakimtiririka. Alizilegeza nyuzi zote za fidla, akaifungia kwenye sanduku lake, akalisukuma chini ya kitanda mpaka likagonga ukuta.

"Kesho naenda kwa shangazi, anifundishe kushona. Yameisha."

"Hapo umefikiri vizuri," baba yake alisema. Akafumba macho, na haukupita muda akawa anakoroma.

Blanketi lilimteleza, akaanza kutetemeka usingizini. Binti alimhurumia. Alikwenda kumchukulia koti lake msumarini, lakini halikuwapo. Hapo simu ya mzee ikaita, akaiwahi isije ikamwamsha.

"Mwalimu," sauti ya mwanamume ilisema kabla binti hajatamka neno, "koti lako umelisahau huku ukumbini, kwenye kiti chako. Halafu samahani kwa kuuliza, maana bado tunaumia. Yule wa mwisho sisi wengine wote tulimtaka. Mbona ulikimbilia kengele?"