Kikanyagio cha Kushoto

Pikipiki ya marehemu baba yake Hafiz ilikuwa imekaa bandani miaka sita. Sasa fundi alikuwa ameshaitengeneza, vilibaki vikanyagio vya abiria tu kufungwa.

"Shehe, hebu tazama," fundi alimwambia Hafiz. "Mpira wa kulia kama umetoka dukani jana. Wa kushoto umelika mpaka chuma kinaonekana. Mzee alikuwa akipakia mtu wa mguu mmoja?"

Hafiz aliushika ule wa kushoto. Kidole gumba chake kikazama kwenye shimo lililochimbwa na kisigino.

Marehemu mama yake alikuwa akikaa upande, buibui kalikusanya mapajani, miguu yote miwili kushoto. Miaka thelathini, Jadida hadi Mgogoni na kurudi.

"Mpya huu hapa. Niufunge?"

"Urudishe huohuo."

Fundi alimtazama, kisha akachukua spana.

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya tatu. Hafiz aliiendesha taratibu mpaka nyumbani kwa wazazi wake, akasimama mbele ya mlango wenye kufuli. Injini hakuizima. Baba hakuwahi kuizima kabla Mama hajashuka.

Hafiz bado alikuwa amekaa juu ya pikipiki jirani alipochungulia dirishani.

"Hafiz, unamngoja nani?"