Njia ya Mtoni

Sikudhani alisimama mbele ya lango la chuma, ameshika ramani aliyopewa na ofisi ya ardhi. Tangu tajiri mmoja ajenge kuta na lango kwenye njia hiyo, watu wa mji ule walikuwa wameacha kwenda kuogelea mtoni.

"Mama, hapa hapapitwi," mlinzi alimwambia.

"Hii ni njia ya watu wote, mwanangu. Tazama muhuri."

Mlinzi aliisoma polepole, kisha akageuka kuitazama nyumba ya tajiri iliyokuwa juu mlimani. "Mimi sikukatazi," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mtu wa mwisho kupita hapa alifunguliwa mbwa."

Hata hivyo Sikudhani alipita, akashuka kati ya kuta mbili ndefu, ametega sikio kila hatua, akiogopa hata kukimbia. Mto aliukuta palepale, umetulia. Akavua viatu, akaingia na dera lake mwilini, na maji yalipomfika kifuani akaanza kuogelea.

Ndipo aliposikia vishindo vya watu wengi wakishuka njiani. Hakujua kama ni watu wa mji au watu wa tajiri. Sikudhani alisimama majini, macho ameyakaza kwenye kona ya ukuta, akingoja.