Nafasi ya Mwalimu

Kila jioni Mwalimu Shekue alipofika barazani, wenzake walibanana wakamwachia nafasi pana, naye akaamini ni heshima ya ualimu wake.

Leo daktari wa meno alimpima damu, akamwinamia kinywani, kisha akavaa barakoa ya pili.

“Mzee, una kisukari, na kimekuharibia fizi. Harufu hii si ya jana wala juzi. Nyumbani hawakukwambia?”

“Nyumbani niko peke yangu.”

“Na marafiki barazani?”



Jioni wenzake walimwona akija, wakabanana.

“Shikamoo, Mwalimu! Karibu ukae.”

Alisimama mbele ya ile nafasi pana, midomo ameifumba, marahaba imemjaa kinywani.