Kura za Majini

Wanyama wa bwawa moja walikuwa na desturi yao: mpiga kura husimama nyuma ya mgombea wake, miguu ikiwa ndani ya maji. Aliye nchi kavu hahesabiwi.

Mwaka huo Kuro, swala apendaye maji, aligombea uongozi na kuwaomba waache kula matete yanayolikinga bwawa na jua. "Jua linazidi kila mwaka, jamani. Bwawa linakauka."

"Uzushi!" akanguruma Kiboko, mgombea mwenzake. "Maji ni yale yale. Kuleni mshibe!"

Wengi walikuwa na njaa, na mwenye njaa halaumiwi kwa kumpenda anayemwambia ale. Siku ya kura wakajipanga nyuma ya Kiboko, mstari mrefu hadi vumbini. Nyuma ya Kuro walisimama vyura na ndege wachache tu, wote wamelowa.

Kiboko akaona kura zake zinapotelea vumbini. "Wahesabiwe na wale!" akapaza sauti. "Si kosa lao, maji yamepungua!"

"Kumbe ulijua, mheshimiwa?" akauliza Nyumbu, aliyekuwa mwisho wa mstari.

Kuro hakucheka. Aliwaomba vyura wabanane, kisha akamwita Nyumbu: "Njoo, dada. Huku bado pana maji ya kukanyaga."

Nyumbu akashuka majini, na mstari wote ukajikunja kumfuata.